Siri ya Nyumbani Inayoua: Funzo la Wimbo Mmoja wa Uhispania

(Haya ni mazungumzo ambayo mfanyakazi wetu wa jamii alifanya na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia. Tumeyachapisha karibu kama alivyoyasema. Vikundi ambavyo havikuweza kuja vinaombwa kuyasoma kwa sauti kwenye mkutano, kisha vijadiliane maswali yaliyo mwisho.)



Najua kwenye barua mliandikiwa kwamba leo tutazungumza juu ya vitabu vya hesabu vya kikundi. Tutafika huko. Lakini kwanza nimewapigia wimbo. Mmeusikiliza mara mbili. Maneno yake ni ya Kihispania na hakuna hata mmoja wetu hapa anayeijua lugha hiyo. Hata hivyo nilipouliza mmesikia nini, mlinijibu. Mama mmoja alisema, “Anaanza kama mtu anayeomba.” Mwingine akasema, “Halafu anasuta.” Kijana mmoja akasema, “Kuna mtu amemchokesha.” Mmeona? Mmeuelewa wimbo kabla sijaueleza. Kuna mambo ambayo hayahitaji mkalimani.

Niliusikia mara ya kwanza kwa mtawa mmoja mzaliwa wa Uhispania aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi. Alikuwa akiusikiliza jioni akikunja bandeji. Nilimwambia, “Sista, wimbo mzuri, unachezeka.” Aliniangalia, akaniambia, “Kaa chini nikueleze unasema nini.” Alipomaliza sikuwa na hamu ya kucheza tena.

WIMBO WENYEWE

Wimbo unaitwa “Malo”. Maana yake ni “mbaya”, likisemwa neno hilo juu ya mwanamume. Mwimbaji anajulikana kwa jina la Bebe. Alizaliwa Valencia mwaka 1978 na akakulia Extremadura, sehemu ya mashambani upande wa magharibi, mpakani na Ureno, watu wanakolima na kufuga. Wimbo huu ulitoka mwaka 2004 katika albamu yake ya kwanza. Jina la albamu hiyo ni kama kusema “Utando wa buibui, nje!” Mama yeyote aliyewahi kushika ufagio anaelewa. Ni siku ile unaposema, leo nyumba hii naisafisha hadi kwenye pembe. Mwaka 2005 Bebe alipewa tuzo ya Latin Grammy ya msanii mpya bora, na wimbo ukasikika Uhispania yote na Amerika ya Kusini.

Kisa ni kifupi. Usiku kuna baridi. Mume anarudi akinuka sigara na pombe kali. Mke yuko nyuma ya mlango, anatetemeka. Anamwomba asimfanyie tena, amechoka, na watoto wako usingizini. Kisha katikati ya wimbo kitu kinageuka. Yule aliyekuwa akiomba anaanza kusema. Anamwambia mumewe wazi kwamba analofanya ni baya, na kwamba ampendaye mtu hamuumizi.

Nataka tushike mambo matatu hapo.

La kwanza, hofu inafika kabla ya kofi. Huyu mama bado hajapigwa usiku huo, lakini mwili wake tayari unajua. Wako kina mama hapa kwetu wanaojua hali ya mume kwa mlio wa viatu vyake, au kwa jinsi mbwa anavyobweka. Mtu akiishi hivyo miaka kumi, hata kama alama za ngozini zimepona, mgonjwa ni huyo.

La pili, watoto. Sisi husema wamelala. Hawajalala. Wamefunga macho tu. Mwalimu yeyote atakwambia kuna mtoto anayesinzia darasani na sababu si uvivu.

La tatu, mama anaita jambo kwa jina lake. Hasemi, “Mzee ana hasira kidogo,” wala “Niligonga mlango.” Anasema: hili ni baya. Ndugu zangu, ugonjwa usiotajwa jina hauna dawa. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

KWA NINI UHISPANIA?

Mtu anaweza kuuliza, sisi na Uhispania wapi na wapi? Nimechagua huko kwa sababu moja. Kila tukizungumza juu ya kupigwa kwa wanawake, mmoja husema ni mila zetu, na mwingine husema ni umaskini. Sasa hii ni nchi ya Ulaya, ya Wakatoliki wa miaka mingi, yenye barabara, umeme na mahakama. Ona ilivyokuwa.

Wakati wa utawala wa Jenerali Franco, uliokwisha alipofariki mwaka 1975, sheria ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kuajiriwa, kufungua akaunti ya benki au kutia sahihi mkataba. Sheria hiyo ya ruhusa iliondolewa mwaka huohuo wa 1975. Talaka ya serikali iliruhusiwa mwaka 1981. Kina mama walianza kujiunga katika vyama, wakafungua nyumba za kuwapokea waliokimbia vipigo. Lakini watu wengi bado walisema yaliyo chumbani ni ya chumbani.

Halafu ukaja mwaka 1997. Mama mmoja wa mkoa wa Granada, Ana Orantes, mwenye umri wa miaka 60, alikubali kwenda kwenye televisheni ya jimbo lake na kueleza miaka 40 ya kipigo katika ndoa yake. Hakuficha uso. Alikuwa amekwisha kuripoti mara nyingi. Alikuwa amekwisha kupata talaka. Lakini mahakama iliamua waendelee kutumia nyumba moja, yeye juu na yule mwanamume chini. Alizungumza kwenye televisheni tarehe 4 Desemba. Tarehe 17 Desemba, siku kumi na tatu baadaye, yule aliyekuwa mumewe alimchoma moto akafa, palepale nyumbani kwake.

Nchi nzima ilishtuka. Watu walioona kipindi kile walijua uso wake na sauti yake, kwa hivyo hawakuweza kusema ni hadithi. Vyama vya kina mama vilivyokuwa vimepiga kelele miaka yote vikapata masikio. Hata hivyo ilichukua miaka saba. Tarehe 28 Desemba 2004 Uhispania ilipata sheria kamili dhidi ya ukatili wanaofanyiwa wanawake na wenzi wao. Bungeni haikupata kura ya kupinga hata moja. Mwaka 2005 mahakama maalumu za kesi hizo zilianza kazi. Mwaka 2007 ikaja namba ya simu ya bure, 016, ambayo haionekani kwenye bili, ili mume asijue imepigwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu hukosea. Wimbo wa Bebe ulitoka mwaka uleule wa sheria, lakini si wimbo ulioleta sheria. Sheria ililetwa na vikundi vya watu waliokutana, wakahesabu waliokufa, wakaandika barua, wakasimama barabarani, wakarudi tena mwaka uliofuata. Wimbo ulifanya kazi yake: uliwapa watu maneno ya kusema. Msichana akiuimba jikoni, mama yake anasikia, baba yake pia anasikia.

Na je, mambo yamekwisha huko? Hapana. Tangu mwaka 2003 serikali yao inawahesabu wanawake waliouawa na waume, wapenzi, au waliokuwa waume zao. Mwaka 2003 walikuwa zaidi ya 70. Miaka ya karibuni ni kiasi cha 50 kwa mwaka. Jumla, hadi mwisho wa 2024, ni zaidi ya 1,200. Idadi imepungua, lakini bado ni makaburi. Nawaambia hivi msije mkafikiri sheria ikiandikwa basi tunaweza kulala.

SASA TUJE NYUMBANI

Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa hapa Kenya mwaka 2022 uliwauliza wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Asilimia 34 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Hiyo ni zaidi ya mmoja kwa kila watatu. Hesabuni viti vya kina mama katika ukumbi huu: mmoja, wawili, watatu. Sitaki mtu ainue mkono. Nataka tu mjue hatuzungumzi juu ya watu wa mbali.

Sasa nitawaeleza jambo linalonitia aibu. Sitataja jina wala kijiji.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha kina mama. Kikundi kizuri, vitabu safi, mchango wa mzunguko haukosi. Mweka hazina wao alikosa mkutano. Kanuni zilisema asiyefika bila taarifa anatozwa shilingi 50. Kikundi kikamtoza. Mkutano uliofuata akakosa tena, akatozwa tena. Katibu hakuwepo siku hiyo, kwa hivyo kalamu nilishika mimi. Kwa mkono wangu mwenyewe niliandika kwenye kumbukumbu: “Mweka hazina ametozwa faini kwa uzembe.”

Mama huyo alikuwa amevunjwa mkono. Mumewe alitaka zile pesa za kikundi zilizokuwa nyumbani, naye akakataa kuzitoa. Alivunjwa mkono akizilinda pesa zetu, na sisi tukamtoza faini.

Si hayo tu. Alikuwa ameniendea kabla, mwaka uliotangulia, akanigusia. Nikamwambia, “Vumilia, mama. Mwombee mzee.” Nilikuwa na diploma yangu ukutani, nimesomea kazi hii, na hilo ndilo jibu nililompa. Alienda pia kwenye kituo kimoja cha polisi. Aliambiwa arudi akaelewane na mumewe. Kwa hiyo alizunguka kwa kila mmoja wetu, na kila mmoja akamrudisha kwenye mlango uleule.

Mkono ulipona vibaya, hadi leo haunyooki. Hubeba maji kwa mkono wa kushoto. Mama huyo yu hai na anajitegemea. Ananisalimu vizuri tukikutana sokoni. Lakini kila nikiona ule mkono nakumbuka neno “uzembe” na mwandiko wangu.

Ndiyo maana leo nimeanza na wimbo kabla ya vitabu vya hesabu. Vitabu vinaweza kuwa safi na mtu akaangamia ndani yake.

KWA NINI TUNANYAMAZA?

Wakati wa chai mzee mmoja amenivuta pembeni akaniambia, “Mwalimu, nyimbo kama hizi zinawaharibu wanawake wetu.” Namheshimu kwa kuniambia usoni. Mzee wangu, nakujibu mbele ya wote kwa ruhusa yako. Kweli, wimbo una hasira. Kuna mahali unamwita yule mume mjinga, na matusi hayajengi nyumba. Lakini nyumba hii ilibomoka kabla ya wimbo. Aliyepiga kelele za moto si yeye aliyewasha moto.

Tuangalie sababu tunazotoa.

Tunasema, “Ni pombe.” Pombe ni mbaya, na pale busaa na chang'aa zinapotembea kina mama wanaumia zaidi. Lakini mwanamume huyo akiwa amelewa anakutana na chifu njiani. Anampiga? Hampigi, anavua kofia. Anakutana na mwenye kilabu anayemdai. Hampigi. Anafika kwake, ndipo mkono unainuka. Basi hata ndani ya pombe anachagua. Amwachishe mtu pombe kwanza, ni vizuri, lakini mkono ni jambo la pili linalohitaji jibu lake.

Tunasema, “Alilipa mahari.” Mahari ni heshima kati ya nyumba mbili. Babu zetu hawakutoa ng'ombe wanunue mtu wa kupiga. Na mwanamke aliyeumizwa alikuwa na haki ya kurudi kwao, na mume akaitwa na wazee aeleze.

Tunasema, “Avumilie kwa ajili ya watoto.” Watoto ndio wanaojifunza. Mvulana anajifunza kupiga, msichana anajifunza kupigwa. Ukitaka kujua, waangalie wakicheza baba na mama nyuma ya nyumba.

Na wengine mnaniuliza kimyakimya, “Kanisa linasemaje? Si ndoa haivunjwi?” Nimewauliza mapadre, na nimesoma. Sheria ya Kanisa inamruhusu mwenye ndoa kuondoka katika kuishi pamoja pale mwenzake anapomtia yeye au watoto katika hatari kubwa. Marehemu Papa Francisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, Amoris Laetitia, alieleza kwamba wakati mwingine kutengana ni wajibu hasa, ili kumlinda aliye dhaifu na watoto. Kuvumilia msalaba si kumshikia mwingine nyundo.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Wengi hawajaisikia. Ukatili katika sheria hiyo ni zaidi ya kupigwa. Ni pamoja na matusi ya kumvunja mtu moyo, vitisho, kumfuatafuata, kumnyima pesa za matumizi au kumnyang'anya zake, kumharibia mali, kumfungia nje ya nyumba anamoishi, kumlazimisha mjane arithiwe, na hata wakwe kumsumbua. Kwa hiyo mume anayechukua pesa za mzunguko kwa nguvu yumo humo.

Mtu anayeonewa anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Amri hiyo inaweza kumkataza mkosaji asimguse, asimkaribie, hata asikanyage alipo. Kuivunja ni kosa la jinai. Na kama mwenyewe ameogopa au amelazwa, mwingine anaweza kumsaidia kupeleka ombi, kwa mfano ndugu, jirani au mfanyakazi wa jamii. Sheria inamlinda mwanamume pia. Uchunguzi uleule wa 2022 ulionyesha hata wanaume wengi wamewahi kuumizwa. Mwanamume akija kwenu na jeraha, msimcheke.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyinyi ndio kata. Chifu hawezi kuona kila jikoni, na padre anakuja mara moja kwa mwezi. Nyinyi mnakutana kila juma. Mnaona nani amevaa mikono mirefu wakati wa jua kali. Basi andikeni haya.

1. Mwamini anayekueleza. Usimwulize, “Ulimfanya nini?” Mwambie, “Pole, nimekusikia, na si kosa lako.” Usilipeleke neno lake kisimani.

2. Afya kwanza. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama amebakwa, hata na mtu wa nyumbani, afike kabla ya saa 72 kwisha ili apate dawa za kukinga virusi vya ukimwi. Mapema ndiyo bora. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zifungwe kwa karatasi, si plastiki. Ikiwa saa 72 zimepita, aende bado, kuna msaada mwingine.

3. Polisi. Aende na watu wawili wa kikundi, asiende peke yake. Aombe dawati la jinsia kama lipo. Asitoke bila namba ya OB, maana ndiyo ushahidi kwamba alifika. Fomu ya P3 haiuzwi. Akirudishwa nyumbani “akaelewane”, msikate tamaa, mrudi naye kesho kwa mkubwa wa kituo.

4. Simu. Namba 1195 ni ya bure kwa mambo haya, na 116 ni ya watoto. Kumbukeni wale Wahispania walivyofikiria habari ya bili. Akimaliza kupiga, aifute namba kwenye simu, au atumie simu ya jirani anayemwamini.

5. Vitu vya maana. Kitambulisho, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kadi za kliniki, karatasi za shamba. Awe na nakala kwa mtu wa kuaminika. Mwenye kutoka usiku bila kitambulisho anarudi asubuhi.

6. Msimsukume aondoke kwa ghafla. Ana Orantes aliuawa baada ya talaka. Wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari zaidi, kwa sababu anayepiga anaona anapoteza. Pangeni naye pole pole: atakwenda wapi, na nani, siku gani, watoto watasoma wapi. Uamuzi ni wake. Akikaa, msimtenge. Akirudi baada ya kuondoka, msimcheke.

7. Msipatanishe damu kwa mbuzi. Ugomvi wa maneno wazee waweza kuupatanisha. Mfupa uliovunjika ni wa hospitali na wa sheria. Na msimwite mke aeleze mbele ya mume wakati moto bado unawaka, ataeleza baraza kisha atalipia nyumbani.

8. Wanaume wazungumze na wanaume. Mama akimkanya jirani ni ugomvi. Rika lake akimwambia, “Ndugu, hili la kumpiga mama watoto hatulikubali,” ni jambo lingine. Baba mlio hapa, kazi hiyo siwezi kuwafanyia.

Na sasa ndiyo tumefika kwenye vitabu vya hesabu, kama nilivyoahidi. Fungueni kanuni za kikundi chenu leo. Ondoeni faini kwa mtu asiyefika, hadi wawili wametumwa kwake kumjulia hali. Wasimtishe, wamjulie hali. Pesa za kikundi zisilale kwa mtu mmoja, zipelekwe benki au zigawiwe siku hiyohiyo, ili mtu asivunjwe mkono kwa ajili ya sanduku. Mkopo apewe mwenyewe mkononi, aulizwe faraghani kama ni yeye anauhitaji au ametumwa. Na katika kila mzunguko wekeni kidogo, hata shilingi 10 kwa kila mwanachama, kwa mfuko wa dharura. Wanachama 25 wakitoa shilingi 10 kila juma, kwa miezi mitatu ya majuma 13 mna shilingi 3,250. Zinatosha nauli ya usiku na matibabu ya kwanza. Mfuko huo ushikwe na watu wawili, na anayesaidiwa asitajwe kwenye ripoti. Andikeni “msaada wa dharura”, basi.

KUMALIZIA

Ule wimbo unachukua dakika chache. Unaanza na mama nyuma ya mlango na unaishia amepata sauti. Lakini wimbo haumpeleki mtu hospitali, wala hauandiki namba ya OB. Ukiisha, mama bado yuko ndani ya nyumba ileile, na usiku bado ni mrefu. Hapo ndipo kikundi kinaanza.

Nikiulizwa wimbo ulinifanyia nini, nitasema hivi. Nilirudi kwa kile kikundi nilichowaeleza. Niliomba kitabu cha kumbukumbu. Mbele ya wanachama nilipiga mstari kwenye lile neno nililoandika, nikatia sahihi na tarehe. Wakarudisha shilingi 100. Yule mama alizipokea kwa mkono wake wa kushoto, akazihesabu, akaziweka kwenye mfuko wa dharura. Hakusema neno. Nami sikuwa na la kusema.

Mnaporudi leo, mtapita kwenye milango mingi. Mkisikia sauti, msizime taa zenu. Gongeni, hata kwa kuomba chumvi. Mara nyingine mkono ulioinuka hushuka kwa sababu tu mtu amebisha hodi.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kisa cha wimbo, ni nini mlichokitambua kuwa kinatokea hata kwetu?

2. Je, kanuni yoyote ya kikundi chetu yaweza kumwadhibu mtu aliyeumizwa? Ipi, na tuibadilishe vipi?

3. Mtu akihitaji kutoka usiku wa leo, angelala wapi? Nani angempeleka? Nauli iko wapi?

4. Kina baba peke yao: ni nani kati yetu atakayezungumza na mwenzetu anayepiga, na atamwambia nini?

5. Tuchague watu wawili wa kushika mfuko wa dharura. Tuandike kwenye kumbukumbu siku ya kuanza.